Mlango wa Nne wa Fundi Ezekieli

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani wa Utemini, familia imenituma mimi Benson, mtoto wa mdogo wake, niwasomee safari ya baba yetu mkubwa, nami nitaisoma kifua mbele, kwa sababu ametuachia cha kujivunia.

Marehemu Ezekieli Andrea Msengi alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 kijijini Nduguti, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Andrea na marehemu bibi Anastazia, akaanza shule mwaka 1961 na kuishia darasa la nne mwaka 1964, si kwa uzito wa kichwa bali kwa sababu ng'ombe wa nyumbani walikosa mtu wa kuwachunga, na kidonda hicho hakikupona, maana hadi uzeeni kila alipopita mbele ya shule alivua kofia.

Mwaka 1970 alijifunza useremala kwa fundi Mazengo hapa mjini, mwaka 1978 akafungua karakana yake Utemini, akatengeneza vitanda, madirisha na majeneza, na wengi mliopo hapa mmewasindikiza wapendwa wenu katika mbao alizoziranda yeye. Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Kristina, wakajaliwa watoto watatu, Winfrida, Fredrick na Lucy, na wajukuu saba.

Mei 2023 Winfrida, ambaye ni mwalimu wa historia, alimletea picha ya vijumba vinne vya mbao vyenye rangi ya dhahabu, kimoja ndani ya kingine, kila kimoja na mlango wake, ambamo Wamisri wa kale walihifadhi mwili wa mfalme wao, akamwomba awatengenezee wanafunzi mfano mdogo. Fundi alimaliza kwa wiki mbili, lakini mkono uliozoea majeneza ukamponza, akapiga misumari pande zote, milango akaichora tu, hivyo wanafunzi walipotaka kuona ndani, hakikufunguka kitu. Alirudi na kijumba chake amekipakata kwenye bodaboda, akakataa ugali, na kesho yake akakivunja chote, akisema kwamba mtu wa darasa la nne hawezi kupeleka shuleni kazi ya kubahatisha.

Akaanza upya kwa mninga, bila msumari, kila ubao ukishikana na mwenzake kwa ulimi na tundu, lakini Februari 2024 akagundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, madaktari wakamkataza vumbi, naye akatii kwa namna yake, yaani aliketi nje ya dirisha akielekeza kwa fimbo, huku ndani mama Kristina akipiga msasa na kumjibu kwa Kinyiramba maneno ambayo mbele ya mchungaji sitayasoma. Hofu yake ilikuwa moja tu, pumzi isikatike kabla ya mlango wa nne.

Haikukatika. Tarehe 4 Septemba 2024 alikiingiza kijumba kipya darasani mwenyewe, wanafunzi wakafungua mlango mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya ule wa nne wakakuta daftari lake la mwaka 1964, kisha Mwalimu Winfrida akamketisha kwenye dawati, akaita mahudhurio, akamalizia na jina la baba yake, na mzee wa miaka sabini na miwili akasimama, akaitika kwamba yupo, akalia.

Hali yake ilibadilika Desemba, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Januari 2025 hospitalini mjini Singida. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliokesha nasi, mzee Badrudin wa duka la vifaa aliyehangaika hadi akapata bawaba ndogo za milango ile minne, na mafundi wenzake waliomsaidia Fredrick kutengeneza jeneza hili, ambalo halina msumari hata mmoja.

Baba mkubwa, leo jina lako limeitwa kwingine, itika kwa sauti ile ile ya darasani, kisha upumzike kwa amani.