Muhuri Ulioinamia Kulia

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, mgonga muhuri wetu wa masijala anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Wengi hapa hawamjui kwa jina jingine zaidi ya Mzee Twanga, kwa jinsi muhuri wake unavyosikika hadi ghorofa ya pili, kama mchi kwenye kinu.

Alianza kama tarishi, akapanda hadi dawati la kupokea barua. Kanuni ya dawati hilo ni moja: karatasi haifiki kwa Mkuu bila muhuri wa "Imepokelewa". Mwaka mmoja Mkuu mwenyewe alirudishiwa barua yake ya kuomba likizo. Alicheka, lakini alipanga foleni.

Miaka yote hiyo muhuri wa Mzee uliinamia kushoto kidogo, kama kofia ya mtu mwenye furaha. Miezi mitatu iliyopita ukaanza kuinamia kulia. Karani wa dawati la jirani, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, aliliona jambo hilo, akaanza kuchunguza. Kulikuwa na mengine. Mzee aliyezoea kukunja mikono ya shati sasa alivaa koti kwenye joto kali. Kila saa nne na saa nane alijifungia stoo na chupa ya chai, na hakuna aliyewahi kumwona akinywa. Baada ya robo saa alitoka, mkono wa koti umelowa. Kikulacho ki nguoni mwako, karani alijiambia. Lazima kuna muhuri wa pili, wa bandia, na wino wake unaoshwa stoo.

Akaandika dokezo la kurasa mbili kwa Mkuu, akaambatisha nakala tisa za mihuri iliyoinama. Alilitia kwenye trei ya Mkuu wakati Mzee akiwa stoo. Tarishi, aliyefundwa kazi na Mzee mwenyewe, alilirudisha kwenye dawati la Mzee kwa sababu halikuwa na muhuri. Karani alipotoka msalani, dokezo halikuwapo tena kwenye dawati la Mzee. Mzee alimuuliza tu kama amekunywa chai, maana uso umempauka.

Barua ya kustaafu ikazuiwa siku nne. Kama tuhuma zingethibitika, Mzee angefukuzwa badala ya kuagwa. Siku ya tano wote wawili waliitwa. Mkuu aliuliza kuna nini stoo. Mzee akavua koti. Kwenye ncha ya kiwiko cha kulia palikuwa na uvimbe laini, ukubwa wa yai. Ile chupa ya chai ilijaa barafu.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba kiungo kina kifuko chembamba cha majimaji kinachopunguza msuguano. Miaka ya kuegemea meza ngumu ilikichokoza cha kwake hadi kikavimba. Aliambiwa asiegemee tena, atandike sponji, aweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa, asiubinye uvimbe wala kuutumbua, na arudi haraka akiona wekundu, joto au homa. Ndipo akajifunza kugonga kwa mkono wa kushoto. Alificha kwa hofu ya kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa miezi mitatu tu kabla ya siku yake.

Mkuu akageuza lile dokezo mezani. Kwenye kona ya juu palikuwa na "Imepokelewa", tarehe sahihi, muhuri umeinamia kulia. Mzee alikuwa amelisoma neno kwa neno, akaligonga, akalipeleka kwa mkono wake. Mkuu alisema mtu mwenye hila angelitupa kwenye kikapu. Mzee akajibu kwamba dokezo lilikuwa na kosa moja tu: halikuwa na namba ya jalada, naye ameiongeza.

Barua ya kustaafu imetoka, na ameigonga mwenyewe. Dawati lake amekwisha kulikabidhi kwa karani huyu, ambaye kila jioni hupapasa viwiko vyake kwa wasiwasi. Juu ya meza amekuta kipande cha sponji kimeachwa, kipya, kimekatwa kwa kipimo cha mkono mdogo kuliko wa Mzee.

Asante, Mzee wetu, kwa kila karatasi uliyoipitisha, hata ile ambayo ungekuwa na haki ya kuichana. Tunakutakia siku njema na ndefu, na kiwiko chako kisiegemee tena kitu kigumu kuliko mto wa kochi.