Eridadi Kambale, Aliyemeza Chumvi Yake

Ndugu, majirani, na ninyi wanunuzi wa chumvi mliompandisha mlima huu leo mabegani: Eridadi Kambale alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 hapa Kyarumba, mtoto wa marehemu kaka yangu Yonasani na mama Kabugho, ambaye bado tunaye. Mimi ni baba yake mdogo, Benon. Sura nzuri aliipata upande wetu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mpaka darasa la saba, 1989. Mimi niliishia la nne, lakini hesabu zikimshinda alizileta kwangu. Msicheke, ulizeni mama yake.

Mwaka 1991 alinifuata Kabatoro kwenye biashara ya chumvi. Aliyemfundisha kuonja ni mimi, asijisifie mwingine. Alikuwa anafumba macho, anagusisha ulimi, anasema hii ya mezani, hii ya ng'ombe, na hakosei. Kule wanunuzi wanaogopa kuchanganyiwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwenye chumvi huonja mbele yao na kumeza. Anayetema anaficha kitu.

Tarehe 21 Agosti 1999 alifunga ndoa kanisani Bwera na Marie-Louise Kahambu, binti wa Butembo. Kwenye karamu bibi harusi alionja mchuzi akanong'ona, "Huyu mupishi iko mwizi wa chumvi." Nikajua tumepata mtu wa kazi.

Februari 2022 miguu yake ilivimba. Daktari alisema presha imekula figo: vidonge kila siku, na chumvi aiache kabisa. Vidonge alimeza mpaka kichwa kilipoacha kuuma. "Baba mdogo, mimi iko mzima, vidonge ni ya nini tena?" Nyumbani Marie-Louise alipika bila chumvi, naye alikula kama mfungwa. Lakini sokoni je? Alijaribu kutema. Achille, mteja wake wa Beni, akarudisha pesa mfukoni. "Kaka, mutu hatemake chumvi yake. Iko nini ndani?" Wengine wakahamia meza ya jirani.

Marie-Louise akamwambia, "Baba Ronah, acha nionje mimi. Unauzisha chumvi ao unauzisha maisha yako?" Soko zima likacheka: mwanaume anaonjewa na bibi! Kesho yake akameza mwenyewe.

Figo zikaisha. Mashine ya kusafisha damu iko Mbarara, na alitakiwa huko kila wiki. Siku za soko alibaki. Akienda, wateja wanapotea. Wateja wakipotea, nauli ya kwenda inatoka wapi? Hesabu hiyo nayo aliileta kwangu. Alipokubali mkewe aonje, hakuweza tena kusimama. Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, nyumbani Kabatoro.

Ameacha mama yake, mjane Marie-Louise, watoto Ronah na Célestin, na mimi mzee, ambaye sina tena wa kumtania. Jumatatu Marie-Louise anarudi kwenye meza ile ile. Naye presha imeanza kupanda, na daktari amempa maneno yale yale. Achille, nakujua, uko hapo nyuma. Akitema, nunua.

Najua hutanunua.

Eridadi mwanangu, pumzika kwa amani. Huko hakuna atakayekusimamia umeze.