Bethwel Kemboi Hakuwa Amelewa

Bethwel Kemboi aliteleza kwenye barafu akiwa kazini, na msimamizi wake, Nicodemus, akawaambia watu kwamba alikuwa amelewa. Ni uongo, na uongo huo ulimnyima usingizi mpaka mwisho.

Alizaliwa Mau Narok tarehe 14 Machi 1969, kifungua mimba wa Linah na marehemu mzee Kipsang. Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, 1983, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake.

Mwaka 1994 alimwoa Chelagat wa Ndabibi. Siku ya posa alipewa mursik, maziwa ya mala ya kibuyuni, akayanusa, akauliza, "Mama, hii haitanilewesha?" Wazee walicheka hadi machozi. Baba mkwe akasema, "Huyu mpeni msichana. Hatauza ng'ombe anywe." Na kweli, hakuwahi kuonja pombe.

Tangu 2006 alipakua mikebe katika kituo cha kupozea maziwa huko juu. Julai, sakitu huganda kwenye saruji, na mtu mzima hutembea kama ndama aliyezaliwa jana. Kwa hiyo wapakuaji walizoea kumwaga majivu ya jiko la chai kabla ya kazi. Mwaka huu wa 2024 Nicodemus akakataza, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, akaamuru sakafu ioshwe kila jioni.

"Boss, maji ya jioni ndiyo barafu ya asubuhi," Bethwel alimwambia.

"Mzee, majivu peleka kwa jiko ya bibi yako."

Tarehe 9 Julai alianguka na mkebe begani, akavunjika nyonga. Nicodemus, kwa kuogopa kuulizwa habari ya majivu, alisema Bethwel alikuwa ananuka pombe. Maneno yalifika kanisani kabla mgonjwa hajafika hospitali Nakuru, na akasimamishwa uzee wa kanisa. Kitandani hakuuliza habari ya mguu. Aligeuza kichwa huku, akakigeuza kule, akimwuliza Chelagat, "Mama amesikia?"

"Hajasikia," Chelagat alijibu. Lakini Linah alikuwa amesikia, sokoni, mbele ya watu.

Damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni. Alifariki tarehe 2 Agosti.

Ameacha mama yake Linah, mjane wake Chelagat, watoto Weldon na Chepchumba, na mjukuu mmoja. Mungu ampe usingizi alioukosa hospitalini.

Nicodemus ametuma gari la kubeba jeneza. Tunashukuru. Anachodaiwa bado ni kuja mwenyewe, asimame mbele ya mama Linah na wazee wa kanisa, aseme: majivu nilikataza mimi, na Kemboi hakuwa amelewa.