Siku Tatu za Marehemu Calixte Ndayiragije, Mchora Ramani wa Shule ya Rutare

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kulia nasi hapa Katubuka, familia imenipa mimi, Ella, kitinda mimba wa marehemu, jukumu la kusoma historia hii, na sehemu yake moja aliitaka yeye mwenyewe isomwe bila kupunguzwa neno, kwa hiyo mtuvumilie.

Marehemu Calixte Ndayiragije alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 huko Rumonge, kandokando ya ziwa upande wa Burundi, akiwa mtoto wa pili wa mvuvi aliyemkataza asiwe mvuvi. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha akajiunga na shule ya ufundi mjini Bujumbura, ambako alihitimu uchoraji wa ramani za majengo mwaka 1970. Mwezi Mei 1972, damu ilipomwagika kwao, alivuka kwa mtumbwi hadi Kagunga akiwa na rula ya mbao na shati moja, na kutoka hapo akafika Ujiji, ambako fundi Yona, Mungu amrehemu, alimpokea na kumfundisha kupima usawa wa ardhi kwa mpira wa maji. Tangu hapo hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kukagua kama sakafu imelala sawa, na wenyeji kadhaa mlioko hapa mmeshawahi kuudhika kwa ajili hiyo.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa na mama yetu, Veneranda, binti wa Kiha kutoka Kasulu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Feliksi, Spesiosa, Martini na mimi niliyezaliwa tarehe 3 Juni 1988. Kwa miaka yote hiyo alichora nyumba za watu, maghala na makanisa, lakini karatasi zake za ukaazi hazikukamilika, kila mwaka aliambiwa arudi mwaka ujao, naye akazoea kutembea kama mgeni katika mji aliokuwa ameuchora nusu.

Mwaka 1996, familia zilipokuwa zikimiminika kutoka Burundi na Kongo, Shule ya Msingi Rutare ilifikisha watoto mia moja na arobaini katika darasa moja, shirika lililohudumia wakimbizi likakubali kuipanua, na marehemu akapewa kazi ya kuchora ramani. Eneo lililobaki lilikuwa mteremko mtupu, basi akaukata ngazi tatu, madarasa mawili chini, mawili katikati na moja tu juu, na nyuma ya lile la juu akaacha mita nne kwa ajili ya ukuta wa mawe wenye matundu na mfereji wa kukinga maji ya kilimani. Alipima wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, lakini bibi Honorata aliyelima mihogo upande wa juu alimwonyesha mkanda wa ardhi ambao hakuna mtu wa pale aliyewahi kuupanda hata mche, akamweleza kuwa wazee waliuacha kwa sababu maji ya masika yana njia yake na hayaombi ruhusa. Marehemu alimsikiliza, na mfereji ule aliuchora kwa neno la bibi yule.

Kamati ya shule ilitaka madarasa sita, si matano, na watoto waliokuwa wakisomea juani waliipa haki ya kutaka. Mwenyekiti wake, mzee Dismasi, aliagiza zile mita nne ziliwe na chumba cha pili pale juu, ili ukuta wa nyuma wa madarasa yale ndio ubebe kilima, na marehemu alipokataa, mzee huyo alimuuliza kwa upole, mbele ya wajumbe wote, karatasi zake za ukaazi zimefikia wapi. Hakuna aliyemtisha zaidi ya hapo. Tarehe 11 Oktoba 1996 alichora upya, akaufuta mfereji, akatia saini, na aliagiza isomwe leo kwamba mkono uliosaini ulikuwa wake na haukushikwa na mtu.

Mvua za El Nino zilipoanza, alikuwa akipita shuleni kila jioni akijifanya ana safari zake. Ijumaa tarehe 30 Januari 1998 aliingia darasa la tatu B, chumba cha juu, nilichosomea mimi na wenzangu sabini, akakuta unyevu umepanda hadi kwenye ubao, na ufa unaoingia vidole viwili. Majuma hayo magari yalikuwa yakizunguka mjini kukusanya wageni wasio na karatasi na kuwapeleka kambini, na mtu wa namna yake hakuwa na sababu ya kuandika jina lake mahali popote. Alirudi nyumbani bila kusema neno. Jumatatu aliniambia nina homa nisiende shule, Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano hivyo hivyo, nami nilifurahi kulala, sikujua kitu.

Jumatano jioni mama alinigusa shingo, akakuta sina joto lolote, akamtazama mumewe hadi baba akasema yote, ndipo mama akamwambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi wetu yuko kitandani, je, hao sabini hawana wazazi? Marehemu alituambia baadaye kuwa siku tatu zile ndizo alizozionea aibu kuliko kukimbia nchi yake, na kwamba mvua ikipiga bati usiku ule alikuwa akihesabu watoto wa wenzake.

Alhamisi tarehe 5 Februari asubuhi aliandika barua, akaeleza kosa la ramani, akaweka jina lake kamili na nyumba anayoishi, akampelekea mwalimu mkuu, mwalimu Pastory, na akagoma kutoka ofisini mpaka madarasa yote mawili ya juu yalipohamishiwa kanisani. Mzee Dismasi alimwita mzushi anayeiharibia shule jina. Jumatatu tarehe 9, saa nne asubuhi, katikati ya somo la hesabu, kilima kilishuka na ukuta mzima, kikayafunika madawati hadi dirishani, na ndani hapakuwa na mtoto.

Siku tatu baadaye wale wa magari walikuja kumchukua, na barua ndiyo iliyowaonyesha nyumba. Alikaa kambini mwaka mmoja na miezi minne, akarudi Juni 1999 akiwa amekonda, na mwaka 2001 mzee Dismasi mwenyewe ndiye aliyekuja kumwomba achore tena, darasa moja juu, mfereji nyuma.

Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hapa Kigoma, na aliaga dunia Jumanne tarehe 12 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, mafundi wenzake wa Ujiji, jumuiya yetu, na majirani wa Katubuka na Buzebazeba waliopika na kukesha nasi. Wale waliochimba kaburi leo asubuhi walikataa kupokea hata soda, na nilipotaka kujua sababu walinikumbusha kwamba tulikuwa darasa moja.

Baba, ulituomba tuseme ulichelewa siku tatu, nasi tumesema. Pumzika kwa amani, tatu B wamekuja kukuzika.