Bondi Yangu na Samosa za Mwenzangu

Wanakikundi, shikeni vikombe kwanza, nisiongee na watu wenye kiu. Chai ya leo ni yangu.

Mimi nakata nyama kule Kikopey, na mnajua ndoto yangu ni bucha yangu mwenyewe hapa Kiamunyi. Pesa ya bucha niliiweka yote kwenye bondi ya serikali, yaani niliikopesha serikali kwa riba. Kila mia inazaa kumi na mbili kwa mwaka, na muda wake ukiisha, yaani ikiiva, narudishiwa mia yangu nzima.

Nilikuwa na raha mpaka dada mmoja wa hapa, simtaji, akanunua yake. Riba za bondi mpya zilikuwa zimepanda, yake ikazaa kumi na sita. Na mnajua mtindo wetu: riba ikiingia, unanunulia kikundi chai. Mimi nilikuwa nimeleta mkate mkavu. Yeye akaleta samosa za nyama. Ndugu zangu, nawaambia, mlivyokuwa mkimsifu, samosa yangu niliirudisha kwenye sahani. Na nyama ndiyo kazi yangu!

Nikaenda mjini kwa dalali wa bondi. "Niuzie hii, ninunue kama ya yule."

"Boss, nani atakupa mia kwa hii ya kumi na mbili, na mpya zinampa kumi na sita? Lazima ushushe bei."

Hilo punguzo lingemeza pesa ya friji na mizani ya bucha. Bado nikasema nauza. Wivu, jameni!

Nikirudi nyumbani kuchukua kitambulisho, nikakutana na yule dada. Nikamringia kwamba karibu tutatoshana. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Uza basi, nitanunua mimi! Nakupa bei ya kutupa, nakula riba yako, halafu ikiiva serikali inanilipa mia nzima. Asante sana, kaka."

Hapo ndipo nikashtuka. Riba yangu haikuwa imepungua hata shilingi. Bei ilikuwa imeshuka kwa anayeuza tu. Nikatulia nayo. Baadaye riba za bondi mpya zikashuka, bei ya bondi yangu ikapanda tena. Ya dada ikapanda zaidi, nikaona wivu tena, lakini sikuuza. Mwezi huu imeiva. Pesa imerudi nzima, na bucha inapakwa rangi.

Kabla hujauza, jiulize: nahitaji pesa, ama naangalia sahani ya mwenzangu?

Asanteni kwa kunivumilia. Namshukuru dalali kwa ukweli wake. Na yule dada pia, ingawa kumshukuru kunanichoma. Nasikia amenunua ingine. Sijauliza riba ni ngapi. Tafadhali, mnishike nisiulize.