Rangi ya Bluu ya Pikapu Langu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mwaka mzima umepita, lakini kulisema jambo hili bado ni kazi kwangu, kwa hiyo nivumilieni.

Nyie mnalijua pikapu langu kuukuu. Nililinunua likiwa limeshatumiwa na watu wawili, maana jipya ningelisubiri mpaka nizeeke. Na liliniokoa kweli. Tumbaku nilibeba mwenyewe, na pesa niliyokuwa nawapa wenye malori ikaezeka nyumba yangu bati.

Lakini niliona aibu. Mlikuwa mnaicheka kutu yake hapa nje ya kanisa, msikatae. Fundi wangu wa Nsemulwa akaniambia mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, umechoka, niubadilishe. Nikamwambia utangoja. Pesa ile nikanunua rangi ya bluu, na siku ya Pasaka nikafika hapa najiona bwana mkubwa.

Wiki iliyofuata mama watoto akashikwa uchungu. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, tumkimbize Mpanda. Niliendesha macho yakiwa barabarani, masikio kwenye injini. Ndugu zangu, nawaambia, kila mlio nilidhani ndio mwisho. Tulipofika Katumba mpira ukapasuka, maji yote chini, gari likachemsha. Jua la saa nane. Mke wangu alikuwa analia kule nyuma, halafu akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikoniogopesha zaidi.

Akapita mzee mmoja na baiskeli, katika wale wenzetu waliokimbia Burundi. Hakuuliza mengi. Alichungulia injini, akamchungulia mama, kisha akapindua baiskeli yake, akachomoa mpira wa ndani na kuukata kwa kisu.

Nikamwuliza, "Mzee, utarudije nyumbani?"

Akasema, "Baiskeli itangoja. Huyu mama hawezi kungoja."

Tukauzungushia ule mpira pale palipopasuka, tukakaza. Kina mama waliotoka kisimani wakamimina ndoo zao kwenye rejeta, tukaenda polepole mpaka hospitali ya Mpanda. Mke wangu alipona. Mtoto ndiye huyo anayewapigia kelele pale nyuma.

Namshukuru Mungu, na kina mama wale, na yule mzee niliyempelekea mipira miwili mipya ya baiskeli akapokea mmoja tu. Magari ya zamani nunueni, yanasaidia sana. Ila pesa yake ya matunzo msiile kwa kuogopa macho ya watu, kama mimi. Ile bluu imeanza kubabuka, nami nimeiacha ibabuke. Siku hizi kabla ya safari nafungua boneti kwanza, naubonyeza mpira wa rejeta, maana sasa nimeweka mpya, halafu ndipo namwambia mama watoto apande.