Ukuta wa Mwalimu Dativa Umekosa wa Kuubomoa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mwalimu Dativa Rwegasira wa karakana ya uashi anastaafu. Serikali imesema inatosha. Sisi wa kituo hiki cha ufundi hapa Kagondo hatujasema hivyo, ila hatukuulizwa. Jarida la kituo limetoa ukurasa mmoja wa kumuaga. Wenye digrii walikuwa na shughuli, ikabidi kazi impate Mugisha wa stoo, yaani mimi, mwenye Kidato cha Pili na maneno matamu kuliko wao.

Mwalimu ni mtu wa Kimwani, kule Muleba. Alifika Bukoba na mwiko wa baba yake ndani ya kikapu cha ndizi. Wanaume wa karakana wakamuuliza kama amekuja kupika. Akawaambia ndiyo, amekuja kukoroga, ila si uji. Haikupita wiki alikuwa anawarudishia kuta zao wazianze upya, maana timazi yake, ile kamba ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haina rafiki. Hata kanisani hatulii. Mchungaji alipomuuliza kama neno limemgusa, alijibu limemgusa sana, waitu, mchungaji wetu, ila kona ya kushoto ya madhabahu imelala.

Wanaoletwa kwetu na mpango wa serikali ni watoto wa kaya maskini: wa migombani, wa mitaani mjini, wa kambi za uvuvi visiwani. Mwaka aliotumwa Goziba kuwafundisha vijana wa kambi, Mwalimu alitapika tangu boti ilipoondoka mpaka ilipofika. Vijana wakamcheka: "Mama, umekuja kutufundisha au kutulishia samaki?" Akakaa juu ya jiwe, akajifuta mdomo, akawaambia jiwe alilokalia ndilo la kwanza la msingi, walibebe. Leo kambi ile ina choo cha mawe, na waliocheka ndio waliokijenga.

Lakini adui yake mkubwa alikuwa jenga-bomoa. Asiyejua nimweleze. Siku ya mtihani mwanafunzi wa uashi hujenga ukuta kwa udongo badala ya saruji. Mkaguzi akishaupima, mwanafunzi huyohuyo anaubomoa ili matofali yasubiri kundi lingine. Wengi waliona huko ni kubana matumizi. Mwalimu aliona ni matusi. Mtoto wa mwenye nacho, alisema, akimaliza mafunzo ana mjomba wa kumpa nyumba ya kuanzia. Huyu wetu akiulizwa amejenga nini, ajibu nini? Kwamba alijenga ukuta mzuri sana, halafu akaubomoa mwenyewe?

Alilisema hilo kwenye vikao mpaka wakubwa wakawa wakimwona tu wanaangalia saa.

Mwaka huu wakaja na jipya: Mwalimu akiondoka, darasa la uashi linaondoka naye. Badala yake vijana watapewa semina ya ujasiriamali, chini ya turubai, na soda. Kijana atoke Goziba avuke ziwa lote lile aje kuambiwa ajiamini! Anajiamini tayari. Anachotaka ni kazi ya mikono.

Safari hii Mwalimu hakwenda kikaoni. Alilichukua kundi lake la mwisho nyuma ya stoo, wakachimba msingi wa darasa jipya la uashi. Wanafunzi wa zamani wakasikia. Huyu akaleta mchanga, yule kokoto. Paresh wa duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambaye ghala lake lilijengwa na vijana wa Mwalimu, akaleta saruji kwa gari lake mwenyewe, akaomba asitajwe popote. Samahani, Paresh. Mimi wa stoo sikuona kitu. Nilikuwa napanga makoleo.

Mtihani ukafika, na ukuta wa mtihani ukawa ndio wa darasa lile. Mkaguzi akaweka pima maji huku na huku, akawafaulisha wote, akasema kama kawaida: bomoeni. Mwalimu akamwambia, "Anza wewe, waitu." Mkaguzi akasukuma kwa kiganja. Akasukuma kwa bega. Akaangalia koti lake, akaaga.

Ndipo amri ikashuka: chumba hakimo kwenye mpango, kivunjwe, na atafutwe fundi wa kukivunja. Wakamwita wa Kagondo, akasema mgongo unamsumbua. Wa mjini akasema ana msiba. Wakampigia Apolinary wa Muleba, mwenye nyundo kubwa kuliko zote wilayani. Akaja na pikipiki, akakiona chumba, akamwona Mwalimu kwenye benchi anamenya ndizi.

"Ni hiki, Mama?"

"Ni hiki, mwanangu. Nyundo unayo?"

Apolinary akasema nyundo ameisahau Muleba. Ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki, sote tunaiona. Akangoja ndizi ziive, akala, akaondoka.

Mkubwa mmoja akafoka: mkoa mzima umekosa fundi? Haujakosa, mheshimiwa. Mafundi wamejaa tele. Ulidhani ni nani aliyewafundisha?

Wiki iliyopita wakaja wakubwa wengine, wakapiga picha mbele ya chumba hichohicho, wakasema ni mfano wa kuigwa. Tulijitahidi tusicheke. Na kwa kuwa mfano wa kuigwa haufutwi, darasa la uashi limebaki. Atakayelifundisha ni Hellen Kahigi, mwanafunzi wa Mwalimu na mkali kama yeye, Mungu atusaidie. Na kuanzia kundi lijalo, mtihani wa uashi ni kujenga kitu cha kubaki: choo cha shule, jiko la bibi asiye na mtu. Kijana wetu akiulizwa amejenga nini, anyooshe kidole.

Mwalimu Dativa, asante. Umetufokea sana, na hatukuwahi kukuambia kwamba tulikuwa tunapenda. Rudi Kimwani kwenye migomba yako, unywe chai bila haraka, msimu wa senene ukukute umekaa barazani na wajukuu. Afya njema, usingizi mzuri na miaka mingi ya furaha viwe vyako. Huku usiwe na wasiwasi. Anayetaka kubomoa na aje, ila aje na mafundi kutoka mkoa mwingine.